Ua Lililokula Pampu

"Mmeomba kisima kifungwe ili ng'ombe wetu wafe kwa kiu!"

"Nani kaomba? Kifungwe, halafu sisi tunywe nini, umande?"

"Mtakuja kuteka usiku. Funguo si mtakuwa nazo ninyi?"

"Namelok, achia kamba!"

"Siachii! Leo nateka mpaka madumu yote yajae, kwa sababu keshokutwa mnatufungia!"

Kamba ya kisima ilikuwa imekazwa kati ya wasichana wawili, na ndoo ilikuwa chini gizani ikigongagonga kuta za kisima. Mwenye shuka jekundu juu ya sare ya shule alikuwa Namelok, binti wa mfugaji aitwaye Mzee Parit. Mwenye ndoo alikuwa Devota, binti wa Mama Magreti, mkulima wa mahindi na ufuta. Walikuwa darasa la sita katika Shule ya Msingi Kidumbwe, kwenye kijiji kilichoko kando ya barabara ya vumbi itokayo Mikumi kwenda Kilosa. Walikaa dawati moja. Kila asubuhi waliteka maji pamoja, maana kila mwanafunzi alitakiwa kufika na dumu la maji ya kumwagilia bustani. Siku nyingine zote walipeana zamu na kutaniana. "Teka upesi, mla matembele," Namelok angesema. "Subiri, mnywa mtindi," Devota angejibu, na wote wangecheka.

Asubuhi hiyo hakuna aliyecheka. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walianza kunong'ona, halafu wakaacha kunong'ona wakasema kwa sauti.

"Wafugaji ndio wamekwenda kulalamika wilayani, najua mimi," alisema mmoja.

"Sisi?" alijibu mama mwingine mwenye shanga shingoni. "Sisi tulalamike ili tufungiwe maji? Una homa?"

"Jamani, kamba ni moja hiyo!" Mama Magreti alipaza sauti. "Ikikatika, kisima kitakuwa kimejifunga chenyewe!"

Namelok alinyoosha kidole kwenye ghala la zamani la ushirika. Siku hizo ghala lilikuwa limepangishwa kwa mfanyabiashara kutoka Morogoro, aliyeuza humo sabuni, soda na nguo za mitumba. Ukutani kulikuwa na karatasi kubwa ya manila.

"Tangazo si lile pale? Nimemsomea baba mwenyewe, neno kwa neno."

"Lile nimeandika mimi!" Devota alisema kwa hasira. "Halisemi hivyo!"

Namelok alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Umeandika wewe? Basi wewe ndiye unayetufukuza. Baba anakusanya punda. Kesho asubuhi tunahamia upande wa Dumila kwa baba mdogo. Kwa hiyo shule ndiyo basi, na dawati lote sasa ni lako, jinyooshe."

Akaachia kamba. Devota hakuwa ameishika sawasawa. Kamba ilimteleza, ikakimbia, na ndoo ikafunguka na kuzama majini, tubwi! Mpya kabisa, ya plastiki, ya bluu.

Mama Magreti alifungua mdomo aseme juu ya ndoo, akauona uso wa binti yake, akainama kuokota mwisho wa kamba.

Devota alikwenda mpaka ukutani. Alisimama mbele ya tangazo lake kama mtu anayesoma mwandiko wa mgeni.

TANGAZO. WANANCHI WOTE MNATANGAZIWA KUWA KISIMA CHA MADUKANI KITAFUNGWA JUMAMOSI. MIFUGO ISIPELEKWE. HUDHURIENI BILA KUKOSA.

Chini yake kulikuwa na mhuri wa serikali ya kijiji. Upande wa kulia, kuanzia juu mpaka katikati ya karatasi, lilichanua ua la alizeti, kubwa, zuri, lenye majani ya kijani na mbegu zilizochorwa moja moja.

Hapo ndipo alipoliona kosa lake.

Mwanzoni mwa wiki, afisa mtendaji wa kijiji, Bwana Kasian, alifika shuleni akitafuta mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri. Mwalimu hakufikiri mara mbili, alimwita Devota. Bwana Kasian alimpa kurasa mbili alizoziandika kwa mkono. Zilianza na "Kwa mujibu wa maazimio ya kikao" na kuendelea kama reli. Katikati ya maneno hayo ndimo habari yenyewe ilimokuwa: mradi wa maji umeleta pampu mpya ya mkono, fundi ataifunga kwenye kisima cha Madukani siku ya Jumamosi, wananchi walete mawe na mchanga. Siku hiyo mifugo ipelekwe mtoni, kwa sababu litajengwa pia birika la kunyweshea ng'ombe, na saruji lazima ikauke.

"Fupisha," Bwana Kasian alimwambia. "Herufi kubwa! Lisomeke hata na aliye ndani ya basi."

Devota alianza na ua. Alilipamba, akalikoleza, akaliongeza jani. Alipofika kwenye maneno, karatasi ilikuwa imebaki nusu. Ndipo akaanza kupunguza. Akaondoa mradi. Akaondoa fundi. Akaondoa birika. "Pampu itafungwa kwenye kisima" ikawa ndefu, akaandika "kisima kitafungwa." Kichwani mwake hakukuwa na tatizo lolote. Mafundi si hufunga mashine ya kusaga? Si hufunga redio kwenye gari? Yeye alikuwa akiiona pampu. Hakujua kwamba wenzake wangeona kufuli.

Angeweza kusema siku ile ile kwamba ameondoa mambo mengi. Lakini Bwana Kasian aligonga mhuri, akamsifu mbele ya watu wote dukani, "Huyu ndiye mwandishi wangu!" na akamnunulia soda. Soda ilikuwa tamu. Leo ilikuwa imegeuka chungu.

Mchana ule nafasi ya Namelok kwenye dawati ilikuwa wazi. Devota hakujinyoosha. Alikaa kwenye kona yake ile ile na kuliacha daftari la hesabu alilolisahau Namelok mahali lilipokuwa.

Bwana Kasian naye alikuwa amesikia manung'uniko, akachukua hatua. Alimtuma mgambo Mathayo azunguke kijiji kizima na tarumbeta la bati la kupazia sauti.

"Uvumi upuuzweee!" mgambo Mathayo alinguruma njia nzima. "Tangazo la serikali ya kijiji liko pale pale! Kisima kitafungwa Jumamosi kama ilivyopangwaaa!"

Basi, ikawa kama amemwagia moto mafuta ya taa. Waliokuwa hawajaamini wakaamini. Jioni hiyo wakulima wenyewe walianza kuteka maji ya akiba. Walijaza madumu, yakaisha. Wakajaza sufuria, mitungi, beseni za kuogea watoto na karai la fundi ujenzi. Mama Magreti alijaza hata birika la chai, na alipoulizwa chai itachemshwa kwenye nini, alijibu kwamba asiye na maji hana haja ya chai.

Devota hakuweza kuvumilia. Jua lilipokuwa linazama alikwenda ukutani na kalamu yake nene. Juu ya neno "kisima" akabana neno PAMPU, herufi ndogo ndogo, akarudi nyumbani akiwa na nafuu kidogo moyoni.

Nafuu hiyo haikufika asubuhi.

"Mmeona?" mtu mmoja alikuwa akiwaonyesha wenzake ukutani. "Jana kilikuwa kisima peke yake. Leo wameongeza na pampu! Na pampu ya kule misheni, iliyokuwa imebaki, nayo inafungwa!"

"Hawa wamedhamiria kutumaliza," alijibu mwenzake, na wote wawili wakakimbia kutafuta madumu.

Devota alisimama pale, dumu tupu mkononi. Wakati huo pikipiki ilifika kutoka upande wa Mikumi, ikasimama mbele ya ghala na kutimua vumbi. Aliyeshuka alikuwa mama mnene kiasi, suruali chini ya kitenge, kofia ngumu kichwani. Alikuwa Mama Odilia, afisa maendeleo ya jamii wa ule mradi wa maji. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na vijiji kabla mafundi hawajafika. Alikuwa na stashahada ya chuo na watoto wanne nyumbani, na alizungumza na kila mtu kana kwamba ndiye wa tano.

"Shikamoo, mama," Devota alisema.

"Marahaba. Mawe yako wapi? Mchanga uko wapi? Fundi anakuja kesho, na hapa naona vumbi tu." Kisha macho yake yakaangukia ukutani. Akasoma. Akasoma tena. "Nani kaandika hili?"

Devota aliutazama mhuri. Ulikuwa mhuri mkubwa, wa Bwana Kasian. Ilikuwa rahisi kabisa kusema "ofisi." Neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Halafu akakumbuka lile daftari la hesabu juu ya dawati.

"Mimi, mama."

"Mwandiko mzuri. Na ua zuri. Ni la nini?"

"La kupendezesha."

"Na pampu iko wapi? Namaanisha pampu yenyewe, si hawa sisimizi uliowabana hapa juu."

"Haikuenea," Devota alisema, na machozi yakamtoka. "Nafasi iliisha."

"Basi ua lako limekula pampu," alisema Mama Odilia. "Futa machozi, hayajengi birika. Hebu niambie. Usiniambie ulichoandika, nimekiona. Niambie watu wamesikia nini."

Devota alimweleza yote: kamba, ndoo, mgambo na tarumbeta, mama yake na birika la chai. Mwishoni alieleza kwamba Mzee Parit anahama asubuhi hiyo na Namelok hatamaliza darasa la saba.

Mama Odilia hakusema pole. Alimshika mkono, wakaingia ofisi ya kijiji.

Bwana Kasian alikuwa amejiinamia mezani. Alipoelezwa habari ya ua alisimama wima.

"Kumbe ni mtoto! Basi jambo limekwisha. Mwalimu wake atamwadhibu, na mimi nitatoa tangazo lingine lenye ufafanuzi wa kina. Kurasa nne!"

"Kaa, Bwana Kasian," alisema Mama Odilia. "Mhuri huu ni wa nani?"

"Wa ofisi."

"Aliyeugonga?"

"Mimi."

"Ulisoma kabla ya kugonga?"

Bwana Kasian alikohoa. "Niliona mwandiko ni mzuri."

"Basi pampu mmeila wawili. Mtoto amekiri kabla sijamaliza kuuliza. Wewe mtu mzima unataka fimbo itembee kwa mwenzako." Alivuta kiti akakaa. "Na hilo tangazo la mgambo? Umewaambia watu uvumi upuuzwe. Umewahi kumwona mtu anayepuuza habari ya maji? Uvumi ni swali lililokosa wa kulijibu, Bwana Kasian. Watu waliuliza, 'Tutakunywa wapi?' Wewe ukawajibu, 'Nyamazeni.' Mimi nisingenyamaza. Ningejaza hata viatu."

Devota alitaka kucheka, akajizuia. Bwana Kasian, ambaye hakuwa mtu mbaya, bali mtu aliyependa maneno marefu, alijikuna kichwa.

"Sasa tufanyeje, mama? Niandike nini?"

"Usiandike kitu. Karatasi ndiyo iliyowafukuza, karatasi haiwezi kuwarudisha. Vaa viatu. Tunakwenda."

"Sasa hivi?"

"Punda wanafungwa mizigo sasa hivi."

Wakaenda. Boma la Mzee Parit lilikuwa ng'ambo ya korongo, na njia nzima Devota alitangulia mbele karibu akimbie. Walipofika waliwakuta punda wamesimama kwa mstari, ngozi na vibuyu vimefungwa migongoni mwao. Namelok alikuwa akikaza kamba ya mwisho. Alimwona Devota, akageuza uso.

Mzee Parit alikuwa amesimama akiegemea fimbo yake. Devota alimwendea na kuinamisha kichwa, kama Namelok alivyomfundisha zamani. Kisha mkono wa mzee ukagusa utosi wake, kwa sababu mtoto aliyeinama hakatazwi salamu, hata kama kijiji chake kimekukosea.

"Sema," alisema Mzee Parit.

"Baba, tangazo niliandika mimi, na niliandika vibaya. Kisima hakifungwi. Kinafungwa pampu. Yaani..." Devota alijikwaa, maana neno lilikuwa limemrudia tena. Akavuta pumzi. "Fundi anakuja kesho kuweka pampu mpya juu ya kisima. Maji yatatoka kwa wote. Mimi nilichora ua kubwa, nafasi ikaisha, nikaiondoa pampu. Jana nilijua nimekosea, nikaogopa kusema. Naomba msamaha."

Bwana Kasian alijifuta jasho. "Na mimi, mzee wangu, niligonga mhuri bila kusoma. Halafu nikamtuma mgambo alitangaze kosa lile lile kwa sauti. Nimekosea."

Pembeni, juu ya gunia, alikuwa ameketi Koko Nkoile, bibi yake Namelok, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha kuuza maziwa. Aliuliza jambo kwa Kimaasai. Namelok akaanza kumtafsiria, akafika katikati akamgeukia baba yake, macho yakamtoka.

"Baba," alisema polepole. "Kwetu, kufunga mlango ni neno lake, na kufunga kitu mahali pake kwa nati ni neno lingine kabisa. Mimi niliposoma na kuwatafsiria, sikuona nati. Nikachagua neno la mlango."

Akamalizia kumtafsiria bibi yake. Koko Nkoile alisikiliza, akamtazama Bwana Kasian, akamtazama punda aliyebeba ngozi yake ya kulalia, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka shanga zake zikalia. Akasema jambo, na sasa akina mama wote wa boma wakacheka.

"Anasema nini?" Bwana Kasian aliuliza kwa wasiwasi.

"Anasema," Namelok alijibu, akijitahidi kushika uso, "kwamba ninyi mnafunga pampu, sisi tunafunga mizigo, na aliyefungwa kweli ni punda, ambaye hakusoma chochote."

Hata Mama Odilia alipiga paja lake. Mzee Parit peke yake hakucheka. Alipiga fimbo chini mara moja, watu wakatulia.

"Sikukasirishwa na maji," alisema. "Maji nitayapata kwingine. Nilikasirika kwa sababu tumekaa hapa miaka mingi, tumezikana, tumealikana harusini, halafu nasikia niondoke, na aliyeniambia ni karatasi. Mtu hafukuzwi na karatasi. Akija mtu, namuuliza. Karatasi nitaiuliza nini?"

"Ni kweli, mzee," alisema Bwana Kasian kwa sauti ndogo.

"Lakini na mimi nina miguu. Ningekuja ofisini kukuuliza. Niliona nimetukanwa, nikakusanya punda." Akaelekeza fimbo zizini. "Na hilo la mifugo isipelekwe?"

Devota aliruka kujibu. "Ni kesho tu, baba! Wataenda mtoni, kwa sababu panajengwa birika la kunyweshea ng'ombe na saruji ni mbichi."

"Birika?" Mzee Parit alimgeukia. "La ng'ombe wetu? Hilo mbona halikuandikwa?"

"Lilikuwa ukurasa wa pili," Devota alisema.

Hapo ndipo Mzee Parit alipocheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyekizuia muda mrefu. Akawageukia vijana wake.

"Fungueni mizigo."

Namelok alikuwa ameshakata kamba ya kwanza kabla neno halijamalizika. Vibuyu vilianguka huku na huku. Devota alikimbilia punda wa pili, akavuta fundo lisilofunguka, na Namelok akaja kumsaidia.

"Hivi ndivyo mnavyofungua ninyi wala matembele?"

"Nyamaza, mnywa mtindi. Daftari lako lipo. Jumatatu kuna jaribio la hesabu."

"Ningejua, ningehama kweli," alisema Namelok.

Siku iliyofuata, fundi Lupakisyo alipofika na gari lililobeba mabomba na saruji, alidhani amekosea kijiji. Wapo wakulima, wapo wafugaji, na kwenye njia ya korongo wanashuka wale wale punda waliokuwa wabebe mizigo ya kuhama, sasa wamebeba mawe. Mgambo Mathayo alikuwa kwenye mchanga, ametumia tarumbeta lake la bati kama koleo, na watu walikubaliana kwamba tangu alinunue halijawahi kufanya kazi nzuri kiasi hicho. Akina mama walimwaga kwenye zege yale maji yote ya akiba. Mama Magreti alileta birika lake la chai likiwa limejaa, akamimina, akasema, "Haya, leo nitakunywa chai."

Kabla ya kuweka mfuniko, fundi Lupakisyo alishuka kisimani kusafisha. Mara sauti yake ikapanda kutoka chini.

"Ndoo ya nani hii? Ya bluu!"

"Ya Devota!" alijibu Namelok, akacheka kwanza yeye.

Jua lilipoelekea magharibi, pampu ilikuwa imesimama. Fundi alimwita Koko Nkoile aanze kusukuma mpini. Alisukuma, ikakoroma. Alisukuma tena, ikapiga chafya. Mara ya tatu maji yakatoka, ya matope kwanza, kisha meupe, na vigelegele vikapanda pande zote mbili za foleni, kwa sababu siku hiyo foleni haikuwa na pande.

Mama Odilia aliwaita Devota na Namelok pembeni. Bwana Kasian naye akasogea bila kuitwa.

"Nisikilizeni, maana nina safari na watoto wangu hawajala," alisema. "Tangazo si yale maneno yanayotoka mdomoni mwako. Tangazo ni yale yanayofika sikioni mwa mwenzako. Kwa hiyo kabla hujabandika, msomee mtu, tena yule litakayemuuma, umuulize amesikia nini. Asiposikia ulichokusudia, usilaumu sikio lake, badili neno lako. Maua baadaye, nafasi ikibaki. Na ukishakosea, nenda kwa miguu yako mwenyewe ukaseme nimekosea. Ukichelewa, watu watajisemea wenyewe, na hawatasema kwa faida yako. Devota, ulikosea ukaogopa, hilo kosa. Lakini nilipouliza nani, hukujificha nyuma ya mhuri. Ndiyo sababu rafiki yako yuko hapa leo."

"Nimeelewa, mama," Devota alisema.

"Na mimi nimeelewa," alisema Bwana Kasian kwa furaha, akatoa kalamu mfukoni. "Tena tuanze sasa hivi! Tubandike tangazo: 'Wananchi wote mnaarifiwa kwamba pampu imefungwa ra...'"

"Hapanaaa!" walipiga kelele wote waliokuwa karibu, fundi Lupakisyo akiwemo, na mtu mmoja aliyekuwa mbali alishika dumu tayari kukimbia.

Bwana Kasian alimkabidhi Devota kalamu. Namelok aligeuza ile manila ya zamani, upande wake mweupe, akaishikilia juu ya pipa. Devota alifikiri kidogo. Akaandika katikati, herufi kubwa, bila ua:

MAJI YANATOKA HAPA KILA SIKU. WATU NA NG'OMBE, KARIBUNI. SARUJI YA BIRIKA LA NG'OMBE IKIKAUKA TUTAKUJA KUWAAMBIA.

Bwana Kasian alinyoosha mkono na mhuri. Devota aliiondoa karatasi.

"Bado, mtendaji. Kwanza isomwe."

Wakaipeleka kwa Koko Nkoile, aliyekuwa ameketi kando ya pampu akiosha miguu. Namelok akamsomea, kisha akamuuliza kwa Kimaasai amesikia nini. Bibi alijibu kwa Kiswahili chake mwenyewe, ili mtendaji asikie.

"Nimesikia maji iko. Nimesikia mtu atakuja boma yangu kusema habari ya birika. Akuje asubuhi, nitampa maziwa."

Devota alimtazama Bwana Kasian. Bwana Kasian aligonga mhuri, safari hii baada ya kusoma mpaka nukta ya mwisho. Namelok akachukua jiwe na misumari, na papo hapo wakaigongomea ukutani.